Kukagua Toyota FJ Cruiser Iliyotumika Mtwara na Lindi: Dalili, Vyanzo na Namna ya Kuvitenganisha

Toyota FJ Cruiser huuzwa na sura yake. Taa mbili za mviringo, neno TOYOTA lililoandikwa wazi katikati ya grili, paa jeupe na wipa tatu kwenye kioo cha mbele kilichosimama wima ni vitu vilivyotolewa kwa makusudi kwenye Land Cruiser FJ40, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1960 na 1984, na mnunuzi anayefika kuliona gari hilo mara nyingi huwa amekwisha kulinunua moyoni kabla hajafungua boneti. Mwongozo huu unaanzia upande mwingine, chini ya gari na injini ikiwa baridi, kwa sababu gari la aina hii lililokaa Mtwara au Lindi halichakai kwa mpangilio wa lile lililokaa Dodoma. Huku chumvi inatangulia, mchanga unafuata, na injini, ambayo wanunuzi wengi huishughulikia kwanza, kwa kawaida ndiyo ya mwisho kulalamika.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: tochi yenye mwanga mkali, bisibisi ndefu yenye mpini mgumu, vitambaa vyeupe vya pamba, kipande kikubwa cha boksi na, ikipatikana, mashine ya kusomea hitilafu ambayo mafundi wengi wa umeme wa magari wanayo. Muuzaji aombwe mapema asiliwashe gari siku ya ukaguzi. Ukifika saa moja asubuhi ukaikuta boneti ina joto, panga siku nyingine, kwa kuwa baadhi ya dalili zitakazoelezwa hapa huonekana katika dakika mbili za kwanza tu baada ya injini baridi kuwashwa, na wauzaji wazoefu wanalijua hilo.

Usukani wa kulia na mwaka usiolingana nao

Dalili ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Gari lina usukani wa kulia, na dalali anasema ni la mwaka 2007 au 2008. FJ Cruiser ilionyeshwa Detroit kama gari la mfano mwaka 2003 na ikaanza kuuzwa Marekani mwaka 2006, lakini magari hayo ya mwanzo yote yalikuwa ya usukani wa kushoto. Ya usukani wa kulia yalifuata miaka minne baadaye, yalipoanza kuuzwa Japani mnamo Desemba 2010, na soko hilo likafungwa Januari 2018. Kauli ya dalali kwa hiyo ina maelezo mawili. Huenda mwaka umetajwa vibaya, jambo linalosahihishwa kwa kusoma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe (ya soko la Japani huanza na GSJ15) na kuilinganisha na kadi. La sivyo, gari lilihamishwa usukani gereji, na hapo utafute alama za kuchomelea kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria, nyaya zilizoungwa katikati na kufungwa tepu chini ya dashibodi, na kipima mwendo kinachohesabu maili. Gari lililohamishwa usukani silipendekezi kwa bei yoyote, hata likiwa na rangi ya kiwandani. Namba ya usajili haisaidii katika hili, kwa kuwa herufi zake hudokeza lini gari lilisajiliwa Tanzania, wala hazisemi lilitengenezwa lini.

Mwaka una uzito wa kiufundi pia. Injini ni moja, 1GR-FE ya petroli yenye silinda sita za mpangilio wa V, lita 4.0 na cheni ya taiming badala ya mkanda, lakini zile za kuanzia takriban mwisho wa 2009 hurekebisha majira ya vali za kuingiza na za kutolea, wakati za awali hurekebisha za kuingiza peke yake. Fundi anayeagiza spea Kariakoo bila kuijua tofauti hiyo huletewa kwa basi kitu kisichoingia, nacho kirudi kwa basi zaidi ya kilomita 500.

Chasisi nyeusi mno kwa umri wake

Ukilala chini ya gari lenye zaidi ya miaka 10 ukakuta chasisi inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, usifurahi mapema. Wapo wenye magari wa pwani wanaoijua bahari, ambao hupaka chini dawa ya kuzuia kutu na kurudia kila baada ya muda. Kazi yao huonekana kwa vumbi lililoshika, michubuko ya kokoto na tabaka zisizofanana umri. Rangi iliyopakwa kwa ajili ya mnunuzi haina vumbi, imepita juu ya nati, bomba za breki na lebo za kiwandani bila kuchagua, na ukiikwaruza kwa ukucha inavutika kama mpira.

Niliwahi kuitwa Mikindani na ndugu mmoja kulitazama gari la namna hiyo, la rangi ya samawati, limeoshwa hadi ndani ya rimu. "Hili halijaingia mchangani hata siku moja, mzee wangu," alinihakikishia muuzaji, kijana mwenye adabu, akiwa ameshika kitambaa cha kufutia. "Ni la ofisini tu." Nilianza kugonga ubavu wa chasisi kwa mpini wa bisibisi, kutoka mbele kwenda nyuma: ko, ko, ko, hadi nilipofika juu ya ekseli ya nyuma, ambako sauti ilibadilika ikawa kama ya kibuyu chenye ufa. Hapo karibu pana tundu la kutolea maji. Nilipoingiza kidole kilitoka na mchanga mweupe, wenye unyevu, wenye vipande vidogo vya makombe. Barabara ya ofisini haina mchanga huo; ni wa ufukweni, kama ule wa Msimbati, ambako magari hushuka hadi ukingo wa maji. Na nilipousogeza mbele kiti cha dereva, kwenye reli yake kulikuwa na unga wa njano wa salfa, dawa inayopulizwa mikorosho. Kijana aliutazama unga huo, akanitazama mimi, akasema, "Basi labda mwenyewe alikuwa akipita shamba mara moja moja, mzee."

Chasisi ya FJ Cruiser ni mabomba ya mraba yaliyofungwa, yenye matundu machache. Mchanga wa baharini ukiingia humo hautoki kwa kuoshwa nje. Hukaa na chumvi yake, chumvi huvuta unyevu wa hewa ya pwani, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje, ndiyo maana rangi ya juu haiwezi kusema lolote kuhusu unene uliobaki. Gonga hasa sehemu ya chasisi iliyopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, mahali mikono ya ekseli hiyo inapofungwa, vikalio vya springi na shokapu, na mataruma yanayounganisha pande mbili. Kutu ya juu juu, inayotoka kama unga kwa brashi, ni ya kawaida huku na inatibika. Kutu inayobanduka kwa magamba mazito kama ya mti mkavu imekwisha kula. Bisibisi ikizama, au ukikuta bamba lililochomelewa kufunika sehemu, ukaguzi umekwisha, na hakuna haja ya kuwasha injini.

Fuatisha bomba za breki kwa tochi kutoka mbele hadi magurudumu ya nyuma. Bomba lililovimba kutu halina bei ya kujadiliwa. Linabadilishwa kabla gari halijaondoka.

Kuchemsha, au kutopata joto kabisa

Malalamiko ya gari kuchemsha hutibiwa kwa kubahatisha kuliko mengine yote, kwa sababu kila fundi huwa na jibu kabla ya kufungua mfuniko. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa. Kulanti ya Toyota ni ya waridi na hupenya mwanga, mithili ya juisi ya rozela iliyochujwa. Ukiikuta imekuwa nzito na haipenyi mwanga, kama maziwa yaliyochanganywa na rozela, umekutana na ugonjwa unaojulikana wa magari ya familia hii, hasa ya miaka ya kabla ya 2010 hivi. Ndani ya rejeta kuna kipoozeo cha mafuta ya giaboksi ya otomatiki, na kinapotoboka, mafuta na maji hukutana.

Rejeta yenyewe ndiyo hasara ndogo. Maji yakiingia kwenye giaboksi hubandua gundi inayoshikilia tabaka la msuguano katika sahani zake, na gari linalobadilisha gia kwa ulaini leo huanza kuteleza au kutetemeka baada ya muda. Giaboksi hii ya gia tano haina stiki ya kupimia mafuta, kwa hiyo muuzaji anaweza kusema kwa unyofu kabisa kwamba hajawahi kuyaona. Fundi afungue nati ya kujazia, achote kidogo kwa bomba la sindano na kuyadondoshea kitambaa cheupe: mafuta mekundu ni mazuri, ya kahawia yamechoka na bei inajadilika, ya waridi yenye povu yanamaanisha giaboksi nzima imo katika hesabu. Kama rejeta imebadilishwa karibuni na ya zamani haipo, uliza kwa upole kwa nini ilibadilishwa, kisha fungua nati hiyo hata ukijibiwa vizuri.

Kulanti ikiwa safi, lakini chini ya kifuniko cha oili ya injini kuna utando wa rangi ya maziwa, mtuhumiwa ni gasketi ya silinda hedi. Katika nchi za baridi utando kidogo hutokana na safari fupi zisizopasha injini joto, ila Lindi, ambako mchana huwa na nyuzi 30, utetezi huo ni dhaifu. Thibitisha kwa mambo mengine mawili: mabubujiko yasiyokoma kwenye rejeta injini inaponguruma, na mipira ya maji inayokuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla injini haijapata moto.

Maji ya kahawia yana maelezo ya nyumbani zaidi. Gari limekuwa likijazwa maji ya kisima, ambayo maeneo mengi ya pwani yana chumvi, na njia za maji zimeanza kuliwa. Hapo hapo chunguza kama thermostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ipo, maana ni desturi ya gereji nyingi kuing'oa gari linapochemsha na kulirudisha kwa mwenyewe kama limepona. Washa injini baridi, shika mpira wa juu wa rejeta: ukipata joto polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, thermostati haipo au imekwama wazi, ukibaki baridi kwa dakika kadhaa kisha ukapata moto kwa ghafla, ipo na inafanya kazi.

Sehemu gari linapochemshia nayo inasema. Linalochemsha likisimama na kutulia likikimbia lina tatizo la upepo, yaani feni ya injini, ambayo kitovu chake chenye mafuta mazito kimechoka, au mapezi ya rejeta yaliyozibwa na tope na manyoya ya nyasi. Linalotulia mjini lakini kuchemsha likipandisha uwanda wa Makonde kuelekea Newala likiwa na mzigo, mara nyingi rejeta yake imeziba ndani au pampu ya maji haisukumi ipasavyo. Pampu inayovuja huacha alama ya waridi iliyokauka kama ukoko, nayo huonekana kwa tochi mbele ya injini.

Injini inapowashwa

Geuza ufunguo bila kuwasha na uhesabu taa. Taa ya injini, ya breki za ABS, ya VSC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze) na ya mifuko ya hewa zote zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika. Isiyowaka kabisa inatisha zaidi ya isiyozimika, kwa sababu kuna mtu ameifikia. Taa ya injini ikibaki pamoja na ya VSC, usikimbilie kulaumu breki: katika gari hili kompyuta huzima msaada wa VSC injini inapokuwa na hitilafu yoyote, hata ya sensa ndogo, kwa hiyo tafuta chanzo kwenye injini kwanza. Mashine ya kusomea ikionyesha hakuna hitilafu, lakini vipimo vya ndani vya kompyuta havijakamilika, kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilitolewa. Endesha kilomita kadhaa usome tena.

Mlio wa sekunde moja hivi wa chuma wakati wa kuwasha, unaoishia oili inapopanda, huvumilika. Ukiendelea, cheni ya taiming au kikazio chake kimechoka, mara nyingi kwa sababu ya oili iliyokaa muda mrefu mno. Tiki-tiki inayotoweka injini ikipata moto huashiria ufa au gasketi iliyoungua kwenye manifoldi ya sailensa, nayo tiki-tiki laini isiyobadilika ni ya nozeli tu na haina madhara. Oili inayolowesha ubavu wa juu wa injini kwa wembamba hutoka kwenye maungio ya nyumba za kamshafti; si hatari ya leo, lakini kuziba ni kazi ndefu, na bei iseme hivyo.

Gari likiwa zito kuchanganya au likinywa mafuta kupita kiasi, fungua boksi la kichujio cha hewa. Usiridhike na kichujio kipya. Futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada ya kichujio, upande wa injini. Kitambaa kikitoka na vumbi jekundu, injini imekuwa ikila udongo wa barabara za Nachingwea na Liwale kupitia kichujio kisichokaa vizuri, na sensa ya kupimia hewa iliyopo hapo itakuwa imechafuka. Sensa husafishika. Silinda zilizosagwa na vumbi hazisafishiki, kwa hiyo vumbi likiwa jingi omba kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda. Kuhusu ulaji, usimlaumu fundi bure: kwa vipimo vya Japani gari hili hupewa kilomita 8 kwa lita, na mchangani au likiwa limejaa hushuka chini ya hapo, kwa hiyo tangi lake la lita 72 huisha mapema kuliko mgeni anavyotarajia.

Kuvuma, kugonga na kuvuta upande

Barabara ya lami kati ya Mtwara mjini na Mikindani inatosha kwa majaribio haya. Kama mbele kunavuma kuanzia mwendo wa kilomita 50 hadi 80 kwa saa, hasa ukiachia mafuta, wengi watakwambia ni matairi ya mchangani, na pengine ndivyo. Kutenganisha ni rahisi. Kwenye barabara iliyonyooka, gari likiwa katika H2 (nguvu kwenye magurudumu ya nyuma peke yake), hamishia H4 (magurudumu yote manne) kwa mwendo wa wastani kwa mita chache tu, usikate kona, maana lami kavu haiupendi mfumo huu. Mvumo ukikatika mara moja, chanzo ni beringi ndogo ya sindano upande wa kushoto wa difu ya mbele, udhaifu unaojulikana wa difu hizi. Katika H4 shafti hukaa katikati na beringi hupumzika. Mvumo usipobadilika, rudi kwenye matairi. Ukibadilika kwa kuyumbisha usukani kushoto na kulia, ni beringi ya gurudumu upande unaobeba uzito wakati mvumo unapozidi.

Kishindo kimoja kutoka chini ya sakafu gari linaposimama au kuondoka huwatisha watu bure, kwani mara nyingi ni sehemu ya propela shafti inayoteleza iliyokauka grisi. Pampu ya grisi kwenye nipo zake, yaani chuchu za kupitishia grisi, humaliza kesi. Kishindo kikibaki baada ya grisi, shika propela kwa mkono na uizungushe huku na huku: mchezo ukiwa kwenye krosi, yaani maungio yake yanayopinda, zibadilishwe; krosi zikiwa ngumu na mchezo ukatoka ndani ya difu, hapo pana gharama.

Kugonga mbele kwenye mashimo kunahitaji jeki na mtu wa pili. Boljointi za chini zipimwe kwa mtaimbo chini ya tairi, bila haraka, kwa kuwa zikichomoka gurudumu hulala. Kama gari linavuta upande mmoja, gusa rimu zote baada ya mwendo: iliyo moto kuliko mwenzake ina pistoni za kalipa (kibanio cha breki) zilizogandishwa na kutu, na za mbele ziko nne kila upande, kwa hiyo moja ikiganda nyingine huficha.

Matairi ya mbele yaliyoisha upande mmoja yana chanzo ambacho mnunuzi wa bara angekidharau. Boliti za mikono ya chini, zile zenye kichwa cha mviringo kisicho na senta ambazo fundi wa alaimenti huzizungusha kuweka magurudumu sawa, hupita katikati ya bushi zenye bomba la chuma, na kwenye hewa ya chumvi boliti na bomba huwa kitu kimoja. Fundi hujaribu, hushindwa, huandika kwenye karatasi kwamba kazi imefanyika, na gari linaendelea kula matairi. Peleka gari kwa alaimenti kabla ya kulipa, simama hapo, tazama kama boliti zote nne zinazunguka. Zisipozunguka zitakatwa kwa moto, pamoja na bushi, na pengine mikono mipya itahitajika. Ni afueni kwamba sehemu nyingi za chini zinafanana na za Prado ya 120 na hupatikana. Taa, vioo na milango ya gari hili ni vyake peke yake, na hivyo ndivyo vya kukaguliwa kwa wasiwasi zaidi kuliko bei yake inavyoonyesha.

Kileva cha 4WD na loki ya nyuma

Kileva kigumu mno kuingia H4 mara nyingi ni matokeo ya kutotumika kwa miaka, na hulainika kwa kurudiwa. Taa ya 4WD inayomweka bila kutulia maana yake ni kwamba kifaa kinachounganisha ekseli ya mbele hakijashika. Kabla ya kukilaani, tembea mita chache mbele na nyuma, kwani meno huhitaji kukutana. Kwa magari yenye loki ya difu ya nyuma, inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka pamoja, simama mchangani, weka L4 (magurudumu manne kwa gia nzito), bonyeza swichi, sogea polepole. Taa ikimweka tu bila kutulia na huku mlio wa mota hausikiki chini nyuma, mota hiyo imeingia maji ya chumvi, na spea yake si ya bei ndogo. Jaribio la lami halitoshi kwa sehemu hii.

Maji ndani ya gari, na milango

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara kuu ya Kilwa, magari mengi yalivushwa kwenye maji na mengine yalizama yakiwa yameegeshwa. Kiwandani FJ Cruiser imepewa uwezo wa kuvuka maji ya kina cha sentimita 70, na sakafu yake ni ya kufutika badala ya zulia, jambo linalowafanya wauzaji waseme kwamba maji si tatizo. Tatizo liko chini ya hiyo sakafu, kwenye sponji inayoshika maji karibu na viungo vya nyaya. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake. Mstari wa tope kwenye sehemu isiyovutwa mara kwa mara unaonyesha kina ambacho maji yalifikia. Boliti za viti zenye kutu na harufu ya kisima gari likifungwa juani dakika 20 vinathibitisha. Mafuta ya difu yaliyogeuka ya kijivu yanathibitisha vilevile, na hayo hayadanganyi.

Milango ya nyuma hufunguka kinyume, baada ya ile ya mbele, na mikanda ya viti vya mbele imefungwa ndani ya milango hiyo ya nyuma. Mwaka 2013 Toyota iliyaita yarudishwe kurekebishwa magari ya miaka ya 2007 hadi 2013 kwa sababu kuubamiza mlango mara nyingi kunaweza kupasua bati karibu na mahali mkanda unaposhikwa. Chunguza nyufa hapo kwa tochi, pande zote mbili. Tairi la akiba linaning'inia kwenye mlango wa nyuma kabisa, na mtu akiweka kubwa kuliko la kiwandani bawaba hulegea: unyanyue mlango ukiwa wazi kidogo, uone kama unapanda.

Boksi chini ya injini

Mkikubaliana bei, omba gari lilale usiku mmoja juu ya boksi lililotandazwa kutoka mbele hadi ekseli ya nyuma. Asubuhi, doa la maji matupu upande wa abiria ni la kiyoyozi na halina neno. La waridi linatoka kwenye maji ya injini. Jekundu lenye utelezi linatoka kwenye giaboksi au usukani, na mahali lilipo patakuambia lipi. La kahawia au jeusi katikati ya mbele ni oili ya injini. Doa zito lenye harufu kali karibu na gurudumu la nyuma, na upande wa ndani wa tairi ukawa umelowa, ni mafuta ya difu yaliyopita sili ya ekseli na kufikia breki, na hilo litengenezwe kwa gharama ya muuzaji kabla ya kadi kupelekwa TRA kubadilishwa jina.